Kura ya Mtu, Kiti cha Chama

Oktoba 2015 wabunge wawili wa Kigoma walibadilishana majimbo, na jambo hilo halijazungumzwa kama linavyostahili. Peter Serukamba alikuwa amekaa miaka 10 akiwa mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya CCM. Akapanda kugombea Kigoma Kaskazini, akashinda. Zitto Kabwe alikuwa amekaa miaka 10 hiyohiyo Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema. Akashuka mjini, naye akashinda. Serukamba alihama jimbo tu. Zitto alihama jimbo na chama, na chama alichokwenda nacho Ujiji, Gungu, Katonga na Mwanga kilikuwa hakijawahi kuonekana kwenye karatasi ya kura ya uchaguzi mkuu wowote nchini. Kati ya wagombea ubunge wote ambao ACT-Wazalendo ilisimamisha mwaka ule, aliyeshinda jimbo alikuwa yeye peke yake.

Watu husema Zitto alianzisha chama ili abaki bungeni. Kwa tarehe, si kweli. Alliance for Change and Transparency ilipata usajili mwaka 2014, wakati Zitto bado ni mwanachama wa Chadema mbele ya sheria, akilindwa na zuio la mahakama. Lakini waliokuwa wakiijenga hawakuwa wageni kwake. Novemba 2013 Kamati Kuu ya Chadema ilimvua Zitto unaibu katibu mkuu, ikamvua nyadhifa pia Dk Kitila Mkumbo na Samson Mwigamba, kwa sababu ya waraka wa mkakati wa kubadilisha uongozi wa juu wa chama. Januari 2014 Kitila na Mwigamba wakafukuzwa. Zitto akakimbilia Mahakama Kuu, ikazuia asijadiliwe uanachama wake. Wenzake wakaenda kujenga nyumba. Yeye akabaki kwenye nyumba ya zamani akiwa na hati ya mahakama mkononi.

Machi 10, 2015 kesi yake ilitupwa, na siku hiyohiyo Chadema ikatangaza kwamba si mwanachama wake tena. Machi 20 akaliaga Bunge. Kabla mwezi haujaisha alikuwa kiongozi mkuu wa ACT, Anna Mghwira akiwa mwenyekiti, na jina la chama likiwa limeongezewa neno Wazalendo. Kiti cha Kigoma Kaskazini kikabaki wazi hadi uchaguzi wa Oktoba.

Haraka ile yote ilitokana na ibara mbili za Katiba ya 1977. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa nacho. Ibara ya 71 inasema mbunge atapoteza ubunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa. Ukizisoma pamoja, unaelewa kwamba wananchi wa Mwandiga na Kalinzi wanaweza kumpa mtu kura, lakini kikao cha Dar es Salaam kinaweza kumnyang'anya kiti bila kuwauliza. Na akishanyang'anywa hawezi kurudi kwao kuwaomba tena mpaka apate chama kingine cha kumbeba. Chama, kwa hesabu hiyo, ni kibali. Ndiyo maana nadhani swali la kama Zitto alikuwa msaliti au mwanamageuzi limetupotezea muda mwingi. La maana zaidi ni kuuliza sheria ya namna hii inazaa vyama vya namna gani.

Kigoma ndiyo mahali pazuri pa kuuliza, kwa sababu Zitto hakuwa wa kwanza pale. Dk Amani Walid Kabourou aliingia kwenye uchaguzi mdogo wa 1994 akitumia Chadema, CCM ikatangazwa mshindi, matokeo yakabatilishwa mahakamani. Baadaye akawa mbunge wa Kigoma Mjini, akawa miongoni mwa viongozi wakuu wa Chadema, na mwaka 2006, baada ya kushindwa na Serukamba, akahamia CCM. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne Tanzania nzima, na yote manne yalikuwa Kigoma: Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe. Sioni namna ya kudai kwamba watu wa Kasulu na Kibondo waliamka siku moja wakawa waumini wa NCCR. Walikuwa na watu wao, na watu hao walikuwa wamepata kibali NCCR. Mmoja wao, Moses Machali wa Kasulu Mjini, mwaka 2015 alikwenda ACT-Wazalendo, akashindwa, kisha akaelekea CCM.

Aliyefanana zaidi na Zitto ni David Kafulila wa Kigoma Kusini. Alikuwa Chadema, akatoka akaingia NCCR, akachaguliwa 2010. Desemba 2011 NCCR ikamvua uanachama. Kwa ibara ya 71 ubunge wake ulikuwa umekwisha. Naye akaenda mahakamani, akapata zuio, akaendelea kukaa bungeni hadi 2015.

Hapa msomaji atulie kidogo. Mwaka 2014 sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, lilisukumwa bungeni na watu wengi, lakini aliyelianzisha kwa sauti na kung'ang'ana nalo alikuwa Kafulila, na aliyewasilisha taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali mwezi Novemba alikuwa mwenyekiti wake, Zitto. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu. Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo naye akaachia ngazi. Wabunge hao wawili, wote wa mwambao mmoja wa Ziwa Tanganyika, walikuwa ndani ya ukumbi wa Dodoma kwa sababu ya amri za mahakama dhidi ya vyama vyao wenyewe. Vyama vyao vingefanikiwa kutumia Katiba kama ilivyoandikwa, wote wawili wangekuwa nje wakati mjadala ule unafika. Wanaosema ibara ya 71 inalinda nidhamu ya Bunge wana wajibu wa kueleza mfano huu.

Sheria hii nayo haitumiki kwa wote sawasawa. Novemba 2020 Chadema iliwafukuza wanawake 19, Halima Mdee akiwa mmoja wao, kwa kuapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu bila idhini ya chama. Walikaa bungeni hadi Bunge linavunjwa 2025. Upande wa pili, kati ya 2017 na 2018 wabunge wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli. Maulid Mtulia wa Kinondoni, Godwin Mollel wa Siha, Mwita Waitara wa Ukonga na wengine walipoteza kiti asubuhi, na CCM ikawapitisha kugombea kiti hichohicho. Ibara ya 71 iliwagharimu wiki chache na hazina ya taifa ikagharamia chaguzi ndogo. Kwa anayehamia chama tawala kibali kiko tayari mezani. Anayetoka kwenda kwingine, hasa akitaka kuwa na sauti yake, hutafuta cha kwake au hujenga.

Na kujenga si kazi ndogo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwenye mikoa isiyopungua 10, na miongoni mwake iwemo ya Unguja na Pemba. Mtu anayetaka kuwatetea wavuvi wa Kibirizi na wakulima wa mawese wa Ujiji analazimika kwanza kupata watu 200 kisiwani Pemba. Nia ilikuwa kuzuia vyama vya kikabila na vya ukanda, na nia hiyo siidharau. Lakini matokeo yake yamekuwa kwamba mbunge mwenye mtaji wa jimbo moja hulazimika kujifanya ana chama cha taifa zima. Ofisi hufunguliwa mikoani kwa ajili ya ukaguzi wa Msajili wa Vyama vya Siasa, kisha hufungwa na mwenye nyumba kwa ajili ya kodi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU ambaye makao makuu hayakumtaka. Alisimama mwenyewe akamshinda mgombea rasmi wa chama. Hakuhitaji kubuni chama, na TANU haikufa kwa sababu hiyo. Sharti la chama lilikuja na mfumo wa chama kimoja, enzi za alama za kura za jembe na nyumba, na mwaka 1992 tulipofungua vyama vingi tulilibeba vilevile. Tuliruhusu vyama viwe vingi, hatukumruhusu mtu asiwe na chama.

Mchungaji Christopher Mtikila ndiye aliyeliona hilo mapema kuliko wanasheria wengi. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alikubaliana naye kuhusu mgombea binafsi, na serikali ikakimbilia bungeni kubadilisha Katiba. Akarudi, Mahakama Kuu ikampa ushindi tena 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua ikisema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake kwa katazo hilo. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi ambao Zitto aliingia bungeni kwa chama kipya. Miaka minne baadaye Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Wenzetu nao wamepitia haya, wengine wakiwa marais. Mwai Kibaki aliingia Ikulu ya Nairobi 2002 kwa mgongo wa NARC. Muungano ule ukamfia mikononi, na Septemba 2007, miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi, akatangaza PNU ili apate chama cha kugombea nacho. Bingu wa Mutharika wa Malawi aligombana na UDF iliyomweka madarakani, Februari 2005 akatoka akaunda DPP, na 2009 akachaguliwa tena kwa kishindo. Marekani kuna kisa kinachochekesha zaidi. Seneta Joe Lieberman wa Connecticut alishindwa kura za maoni za Democratic Agosti 2006, akasajili chama kilichoitwa Connecticut for Lieberman, akashinda Novemba, na hakuwahi kujiunga nacho. Kikabaki hakina mtu, hadi profesa mmoja mkosoaji wake alipojiandikisha humo akajichagua mwenyekiti. Kwetu mchezo huo hauwezekani, maana sheria inakutaka uwe mwanachama kwelikweli. Kwa hiyo mwanasiasa wetu hujenga chama na kulazimika kuishi ndani yake, pamoja na watu aliowaalika.

Na hapo ndipo hadithi ya ACT-Wazalendo inapokuwa nzito kuliko ya Lieberman. Chama kiliishi. Kiliibuka na Azimio la Tabora likitaka kuhuisha misingi ya Azimio la Arusha, kitu ambacho chama kilicho boti ya kukodi tu hakina haja nacho. Mghwira akagombea urais, akapata kura 98,763, chini ya asilimia moja. Lakini Kigoma chama kilichukua halmashauri ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, Hussein Ruhava akawa meya, na mwaka 2016 manispaa ikaingia kwenye kundi la serikali za mitaa 15 za kwanza duniani katika Mpango wa Serikali Wazi. Mji wa mwisho wa reli ukawekwa orodha moja na majiji makubwa ya dunia. Mwaka uliofuata serikali kuu ikajitoa katika mpango huo, na manispaa ikabaki na ahadi bila mlango wa kuzitekelezea.

Kisha ikaanza hamahama. Kitila Mkumbo aliteuliwa katibu mkuu wa wizara 2017, Mghwira akawa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro mwaka huohuo na baadaye akajiunga na CCM, wanasheria na vijana wa mwanzo wakafuata njia hiyo. Wengi huchukulia kwamba Magufuli aliwanunua. Mimi naona sababu nyingine pia: chama kilichozaliwa kama pa kujihifadhi kwa waliofukuzwa hakina cha kumzuia mtu akipata pa kujihifadhi palipo bora zaidi. Wanachama wa kawaida Ujiji walibaki. Walioondoka ni wale waliokuja na jina lao tayari.

Kilichoiokoa ACT kilitoka baharini, si ziwani. Machi 18, 2019 Mahakama Kuu iliamua mgogoro wa uongozi wa CUF kwa faida ya Profesa Ibrahim Lipumba. Siku hiyohiyo hasimu wake, Maalim Seif Sharif Hamad, akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo, na wafuasi wake wakashusha tanga moja na kupandisha jingine. Ofisi za Unguja na Pemba zikapakwa zambarau kwa siku chache. Kibali kilichotafutwa kwa ajili ya mbunge mmoja wa Kigoma kikageuka kuwa cha maelfu ya Wazanzibari ambao chama chao kilikuwa kimepotea kwa hukumu. Lile sharti la wanachama wa Pemba, ambalo 2014 lilikuwa mzigo wa karatasi, likageuka kuwa roho ya chama.

Halafu ikaja 2020. Kigoma Mjini ikatangazwa kwa Kilumbe Ng'enda wa CCM, na viti vya Bunge la Muungano ambavyo ACT ilipata vikatoka Zanzibar. Uchaguzi ule una malalamiko yake, na vyama vikuu vya upinzani viliukataa. Hata hivyo kuna jambo la ndani ambalo wana-ACT wa Kigoma wanajua. Kwa miaka mitano chama mjini kilikuwa Zitto. Mikutano ya Mwanga Community Centre ilijaa alipokuja na kupungua alipoondoka. Machi 2024 alikabidhi uongozi kwa Dorothy Semu baada ya muhula wake kufika kikomo kwa katiba ya chama, na kwa hilo apewe heshima yake, kwa sababu waanzilishi wa vyama wa Afrika Mashariki kwa kawaida huondoka kwa jeneza. Lakini 2025 jina kwenye karatasi ya Kigoma Mjini lilikuwa lilelile.

Aliyetangazwa mshindi safari hiyo alikuwa Clayton Chipando, Baba Levo, msanii, kwa tiketi ya CCM. Kabla ya hapo Baba Levo alikuwa diwani wa Mwanga Kaskazini. Kwa tiketi ya ACT-Wazalendo.

Mwaka huohuo ACT ilifanya yale iliyofanyiwa. Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa tangu 2005, alikatwa jina na CCM. Mwanzoni mwa Agosti akapokewa ACT na katika siku chache akapitishwa kuwa mgombea urais. Huyu ndiye waziri wa zamani wa Mifugo na Uvuvi ambaye operesheni ya 2018 ya kuchoma nyavu haramu haijasahaulika kandokando ya Ziwa Victoria. Msajili akabatilisha uteuzi wake kwa hoja kwamba taratibu za ndani za chama hazikufuatwa, Mahakama Kuu ikamrudisha, Tume ya Uchaguzi ikamwondoa tena. Nakubali kwamba vyombo vya dola vilionyesha bidii isiyo ya kawaida. Lakini hoja iliyotumika ilitolewa na mwanachama wa ACT mwenyewe, na ilihusu muda wa uanachama. Chama kilichoanza kama kibali cha mtu kikatoa kibali kwa mwingine, na wanachama wake wakauliza: sisi tulioganda hapa miaka yote, kazi yetu nini?

Wanaotetea katazo la mgombea binafsi wana hoja tatu: matajiri watanunua viti, makabila yatasimamisha watu wao, na wabunge wasio na chama hawatawajibika kwa mtu. Pesa tayari imo ndani ya kura za maoni za vyama, na kila aliyewahi kuwa mjumbe anajua. Kuhusu uwajibikaji, Kafulila na Zitto wa 2014 wamejibu. Hoja ya ukabila ina uzito zaidi, lakini Uganda na Kenya zinaruhusu wagombea binafsi, na ukabila wa Kenya umepita ndani ya vyama, si nje yake. Ningeongeza hoja ambayo watetezi wa vyama hawaigusi: ruzuku hugawanywa kwa kuangalia kura na viti, kwa hiyo vyama vina maslahi ya kupokea mtu yeyote aliye na kura zake, hata kama juzi alikuwa anavitukana. Katazo linalodaiwa kuimarisha vyama ndilo linalovifanya vipokee mizigo ya kila abiria.

Augustino Mrema alikuwa CCM, akawa NCCR 1995, akawa TLP 1999. Edward Lowassa alitoka CCM Julai 2015 akagombea urais kwa Chadema, na Machi 2019 akarudi CCM. Kwa nini tunashangaa vijana wa Kigoma wakisema vyama ni nguo?

Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilimruhusu mgombea huru, na Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ikabaki na kifungu hicho, moja ya mambo machache ambayo pande zote hazikugombania sana. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, wiki sita baada ya Zitto kuliaga Bunge, kisha ikaahirishwa, na haijafanyika hadi leo. Kwa hiyo hoja ya mgombea binafsi haihitaji tume mpya wala semina. Inahitaji Bunge la sasa lirekebishe ibara za 39, 67 na 71, na itakuwa ajabu nzuri kama muswada huo utaletwa na mbunge kutoka Kigoma, wa chama chochote.